Sauti ya Kuvuka Bonde

Salehe Abeid alikuwa na sauti ya kunong'ona, na kwa sauti hiyo hiyo alijipatia jina Morogoro mjini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, redio na viatu na vitambaa vikimiminika madukani kutoka Dubai, na mwenye bendi yao naye akaleta amplifaya mpya, spika ndefu kama makabati, na maiki nyeusi ambayo Salehe aliisogeza mdomoni utadhani anataka kuila. Aliimba taratibu, macho kayafumba, spika zikamalizia kazi iliyobaki. Wasichana walisema sauti yake ni samli iliyoyeyuka. Hakuna aliyewahi kuisikia bila umeme, na yeye mwenyewe hakuona kwa nini mtu ahangaike kuisikia hivyo.

Wa kwanza kuhoji alikuwa Mwanvita. Huyu alitoka Kinole, kule juu kwenye mananasi na mikarafuu, akawa anakaa mjini kwa shangazi yake akijifunza ushonaji. Bendi ilipiga mchana wa Idi, na muziki ulipokwisha Salehe akamfuata, akamuuliza kama amependa.

"Nimezipenda spika," Mwanvita akasema. "Wewe bado sijakusikia."

Hakuwa na nia mbaya, ila alilisema kwa sauti iliyowafanya hata watu wa mlangoni wageuke. Ndivyo alivyokuwa, akiomba chumvi mezani kwao, jirani naye huileta. Salehe alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku ile hakuwa na mwingine. Mvua za vuli zilipoanza alikwenda kumwambia baba yake kwamba anataka kuoa.

Baba yake, Mzee Abeid, alikuwa mlinzi mstaafu na aliishi Mikese, kando ya barabara kuu. Alivaa kanzu yake ya sikukuu, wakapanda pamoja hadi Kinole kupeleka posa. Kwa Waluguru neno la mjomba ni zito, kwa hiyo waliketishwa mbele ya Mjomba Kondo, mtu mpole mwenye shamba la mdalasini. Mazungumzo yalikwenda vizuri, chai ikanywewa, mihogo ikaliwa.

"Upande wangu sina neno," Mjomba Kondo akasema. Akakohoa kidogo. "Kuna mama, sasa."

Mama mwenyewe alikuwa Bibi Mosi, ndiye aliyemlea Mwanvita tangu mdogo. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anachambua pilipili manga kwenye ungo wala hainui kichwa. Salehe akamsogelea na kuinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," bibi akajibu, na watu wakacheka, maana bibi na mjukuu ni watani. "Nasikia kazi yako kuimba. Haya, imba."

Salehe alitafuta kitu cha kushika mkononi, asikione. Akaiweka mikono nyuma, akafumba macho, akaimba ubeti mzima wa wimbo uliokuwa ukipendwa kuliko zote mjini. Kuku waliendelea kuchakura. Bibi Mosi alitega sikio la kulia, akageuza kichwa, akatega la kushoto.

"Kondo," akamwita mwanawe, "huyu anaimba au anasoma dua?"

Uani palilipuka kicheko. Masikio ya Salehe yakawaka moto. Mzee Abeid, kanzu yake nyeupe imeshika vumbi la njiani, aliinamisha uso akawa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Bibi Mosi akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo. Chini kabisa ulipita mto, na upande wa pili mlima ulipanda tena, wote mikarafuu na migomba, na katikati yake nyumba moja ya bati iking'aa. "Pale ni kwa Yustina. Masika yakiisha, utasimama pale uniimbie wimbo ambao sijapata kuusikia, na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa. Nikikusikia neno kwa neno, ngoma ya harusi nitaiongoza mimi. Nisipokusikia, oaneni, siwakatazi. Ila siku hiyo nitakaa ndani na mlango nitaufunga."

Mzee Abeid akamvuta Mjomba Kondo pembeni. "Samahani, ndugu yangu. Hii ni mila ya huku?"

"Mila gani!" akasema Mjomba Kondo. "Hii ni mama yangu."

Salehe alimtazama Mwanvita akitegemea kumwona anacheka. Hakuwa anacheka. "Bibi akifunga mlango," akasema, "mimi nitakuwa ndani pamoja naye." Kisha akatembea hadi ukingoni mwa ua, akasimama tu kama mtu anayeota jua, akaita, "Yustinaaa! Ungo wetu mwingine tunautakaaa!"

Halafu mtu mdogo kama punje akatoka kwenye ile nyumba ya bati, na jibu likaja, kila neno limesimama peke yake: "Nimeanikia kundeee! Keshooo!"

Salehe aliona kwamba itambidi azaliwe upya.

*

Kwanza Salehe alimwendea Pazi, rafiki yake tangu utotoni, ambaye alikuwa mpiga debe stendi ya Msamvu. Pazi alikuwa na sauti ya kokoto. Alipoelezwa habari yenyewe aliiona nyepesi kabisa.

"Sauti ni kama bega la kuli, mshikaji. Unaitwisha mzigo mpaka inazoea. Njoo kesho tupige kelele."

Basi Salehe akawa anasimama katikati ya mabasi ya Dodoma na Iringa, injini zikinguruma, anapayuka nyimbo za mapenzi huku mishipa ya shingo imemtoka. Mama mmoja mwenye kuku kwapani akamuuliza kama basi lake linapita Gairo. Wiki haijaisha, sauti ikakatika. Kilichobaki kooni kilikuwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Mwenye bendi alimsikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akampa kayamba na kumsogeza nyuma karibu na ngoma. Maiki ikashikwa na mwingine.

"Usiogope," Pazi akamtia moyo kwa ile sauti yake ya kokoto. "Hata yangu ilianza hivi hivi."

Hapo ndipo Salehe alipoogopa kweli. Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Bernadeta.

Mwalimu Bernadeta alikuwa amemfundisha shule ya msingi. Mchana alifundisha hesabu, na jioni aliongoza kwaya ya kanisani, kwaya ambayo watu waliisikia hadi sokoni ingawa haikuwa na hata spika moja. Alimkuta anamwagilia mchicha. Salehe alimwamkia kwa mlio ule wa mlango, na mwalimu akaweka ndoo chini.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Nilikuwa najifunza kuimba kwa nguvu, mwalimu."

"Ulikuwa unajifunza kugombana. Nenda nyumbani, ukae kimya. Usinong'one hata kidogo, kunong'ona nako kunachosha koo. Kunywa maji ya uvuguvugu. Ukishaweza kuniamkia kama binadamu, rudi."

Aliporudi, sauti imepona, hakuimbishwa. Alilazwa chali kwenye mkeka sebuleni, na mwalimu akamwekea tumboni mfuko wa mchele.

"Vuta pumzi. Mchele umepanda?"

"Mabega ndiyo yamepanda, mwalimu."

"Mabega hayaimbi. Yaache yalale. Nataka mchele upande."

Siku zile za mwanzo kazi ilikuwa hiyo tu: mchele kupanda, mchele kushuka polepole, huku yeye akitoa mlio mrefu wa nyuki, midomo imefungwa, mpaka pua na mashavu yote yamtekenye. Watoto wa jirani walichungulia dirishani wakamwiga, ua mzima ukawa mzinga. Baadaye mwalimu alimsimamisha, akamfundisha kulegeza taya na kufungua mdomo kama anayetaka kuuma embe zima, na kuziachia irabu zinyooke, maana konsonanti, alisema, zinakatika njiani, ni *aaa* na *ooo* zinazobeba neno mpaka kwa mwenyewe. "Na usisukume," akamwambia kila mara. "Kelele inatoka kwa kishindo, inaanguka hapo mlangoni. Sauti ipe pumzi, halafu iachie iende. Tazama pale unapotaka ifike, uiweke pale."

Kisha wakahamia uwanja wa mpira. Mwalimu Bernadeta alikuwa na mwavuli mwekundu. Alisimama golini, akamwambia Salehe aimbe maneno yoyote; akiyasikia vizuri ataufungua mwavuli, halafu atarudi nyuma zaidi. Mwavuli ulifunguka mara ya kwanza, ukafunguka tena, Salehe akaanza kujiona. Lakini kila walipofika umbali wa katikati ya uwanja, mwavuli ulibaki umefungwa. Wiki ikaisha hivyo. Pumzi alikuwa nayo, mdomo ulifunguka, taya lililegea, na bado sauti ilifika mahali ikainama, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa.

Siku moja mwalimu alimwendea, mwavuli kwapani, akasimama mbele yake.

"Salehe, unaimba kama kuna mtu amelala. Ni nani?"

Salehe alicheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, akakaa kwenye majani.

Alikuwa na jibu, ila hakuwahi kuambiwa aliseme. Wakati yeye mdogo, baba yake alilinda ghala usiku na kulala mchana. Walikaa chumba na sebule, kuta za udongo, na mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja aliloliishi: *Polepole, baba amelala.* Vikombe viliwekwa polepole. Mlango ulifungwa polepole. Na Salehe, ambaye tangu akiwa mtoto hakuweza kukaa bila kuimba, aliimbia nyuma ya nyumba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sauti ya kumtosha yeye na sisimizi.

"Baba yako yuko hai?" mwalimu akauliza.

"Yuko Mikese."

"Basi usije kwangu kesho. Nenda Mikese."

*

Mzee Abeid alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, malori yakipanda kilima kwa taabu na kumwaga moshi. Salehe alimwamkia, akakaa, akazungukazunguka na habari za mvua na za mjini, mwisho akaitoa yote kama ilivyokuwa. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Lori likapita, wakalisubiri.

"Ile ndoo ya bluu," mzee akasema.

"Unaikumbuka, baba?"

"Mwanangu, ukuta wa udongo huo! Nilikuwa nasikia kila kitu. Nimekesha na mbu usiku kucha, nimejilaza, halafu naisikia sauti yako nyuma ya nyumba. Ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi. Siku ambazo hukuimba nilikuwa nagaragara mpaka adhuhuri." Akasugua goti lake. "Nilidhani unaimba chini chini kwa sababu ndivyo unavyopenda mwenyewe."

"Na mimi nilidhani nitakuamsha."

Walitazamana. Miaka yote hiyo, nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa macho akisikiliza. Aliyeanza kucheka alikuwa mzee, akacheka kwa kukohoa, na Salehe akamfuata. Walipotulia, Mzee Abeid akajinyoosha kwenye mkeka, akajifunika shuka gubigubi.

"Haya," akasema kutoka ndani ya shuka. "Nimelala. Niamshe."

Salehe akasimama. Mwanzoni aliona haya, barabara ile imejaa watu na akina mama wanauza nyanya. Kisha akavuta pumzi, mabega yakalala kama alivyofundishwa, akatazama ng'ambo ya barabara kwenye mti mmoja juu ya kilima, akaiachia. Sauti ikatoka. Ilikuwa kubwa, na ilikuwa ile ile yake, wala haikumuuma mahali popote. Muuza nyanya mmoja akasimama na ndoo kichwani. Utingo mmoja juu ya lori akapiga mluzi na kupunga kofia. Shuka lilitikisika, likatikisika, na Mzee Abeid akatoa uso, macho yamelowa, meno yote nje.

"Nimeamka," akasema.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Bernadeta alirudi nyuma mpaka akatoka nje ya uwanja, akavuka barabara ya vumbi, akasimama kwenye lango la nyumba za ng'ambo, na mwavuli mwekundu ukafunguka kama ua.

*

Masika yalipoisha, siku ikapangwa. Waliofika Kinole asubuhi ile ni wengi kuliko walioalikwa: Mzee Abeid, Pazi na wapiga debe wenzake wawili, Mwalimu Bernadeta na viatu vya kupandia mlima, na majirani waliokuja na vigoda vyao kabisa. Bibi Mosi alikuwa amevaa khanga mpya. Salehe akashuka bondeni peke yake, akavuka mto kwenye mawe, akapanda hadi kwa Yustina, na Yustina, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi, akamwonyesha mahali pa kusimama, kati ya mkeka wa karafuu na banda la mbuzi.

"Hapo ndipo ninaposimama mimi," akasema. "Usiwaangalie mbuzi, watakuchekesha."

Salehe akageuka kutazama uani kwa Bibi Mosi, auone mlango, aiweke sauti pale. Hakuona kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kileleni wakati anapanda, ukaingia bondeni mweupe kama tui, na sasa ng'ambo hapakuwa na nyumba, hapakuwa na watu, hapakuwa hata na mlima.

"Subiri upite," Yustina akashauri.

"Ukipita wataona nimesubiri," Salehe akasema. Alikumbuka mti wa Mikese, akaamua kwamba mlango wa Bibi Mosi uko pale pale alipouacha. Akavuta pumzi. Alikuwa ametunga wimbo wake na kuuficha hata kwa Mwanvita, na mstari mmoja akaubadilisha hapo hapo, umeshafika mdomoni:

*Nimetoka mji chini, nimepanda kwa miguu,*
*ukungu ukinificha, sauti yangu i juu;*
*Bibi Mosi nakuomba, ufungue sikukuu,*
*Mwanvita awe mwenzangu, nami niwe mjukuu.*

Irabu zilinyooka, zikaingia kwenye weupe ule, zikaenda. Aliusikia wimbo ukiondoka kwake mstari baada ya mstari, ukizidi kuwa mbali bila kupungua, na mahali fulani mwamba ukaurudisha kidogo, *juu*, *juu*. Akamaliza. Mbuzi mmoja akapiga chafya. Yustina alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja.

Kisha kutoka ndani ya ukungu ikaja sauti nyembamba, kavu, ya mtu mzima aliyeitumia sauti hiyo maisha yake yote: "*Nimetoka mji chiniii, nimepanda kwa miguuu...*" Ilikuwa Bibi Mosi. Aliuimba wimbo mzima, hakuacha neno, na alipofika kwenye mstari wa mjukuu aliurudia mara ya pili kwa kuupamba. Nyuma yake vigelegele vikalipuka, na kati ya vigelegele vyote Salehe alikitambua kimoja, cha Mwanvita, kilichopasua bonde kama mundu.

Alishuka mlima huo akikimbia, akaloa mpaka magotini mtoni, akafika uani hana pumzi hata ya kusema shikamoo. Pazi akamnyanyua juu. Bibi Mosi akawasukuma watu, akamshika Salehe kwa sikio.

"Nilikuwa na wasiwasi kwamba huyu msichana wangu amekufundisha kuniibia, au ameninong'oneza maneno usingizini. Lakini mstari wa ukungu hukuutoa nyumbani. Ukungu umeshuka leo."

"Umeshuka leo, bibi."

"Basi nimekusikia." Akamwachia sikio, akaugeukia umati. "Nyinyi mlidhani nacheza. Mwanvita mnamjua, akisema jambo mpaka mbuga inasikia. Sasa nimpe mume wa kunong'ona? Nyumba ingekuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Nilitaka niwasikie wote wawili."

Mwanvita alikuwa amesimama mbele ya Salehe, mikono kiunoni, macho yanacheka. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alisema kitu kwa sauti ya chini, cha masikio yake peke yake, na Salehe hajamwambia mtu mpaka leo.

Pilau ilikuwa tayari, iliki na karafuu vimetoka shambani siku hiyo hiyo, na watu wakawa wananawa mikono waliposikia mtu anaita. Sauti hiyo haikutoka ng'ambo kwa Yustina. Ilitoka juu zaidi, kwenye mgongo wa mlima wa nyuma ambako ni nyumba chache tu na mashamba ya mboga, mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kwamba nako kuna masikio.

"Wa chiniii! Tumesikia wimbooo! Harusi ya naniii?"

Mwanvita alifungua mdomo kujibu, bibi akamzuia kwa mkono. "Mwache mwenye harusi."

Salehe akaenda ukingoni mwa ua, mikono bado inadondosha maji. "Ya Salehe na Mwanvitaaa!"

"Liniii?"

Hilo lilikuwa bado halijapangwa. Akageuka kumwangalia Mjomba Kondo, na Mjomba Kondo, akiwa amechanganyikiwa kwa furaha, akasema jambo la kwanza lililomjia, kwamba mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza.

"Mwezi ujaooo! Jumamosi ya kwanzaaa!"

"Tunakujaaa!" wakajibu kutoka juu, na wote wakasikia kwamba huko hakuwa mtu mmoja. Kisha mgongo mwingine wa mlima, upande wa mashariki, ukaitika nao unakuja. Halafu mwingine, mbali mpaka hawakujua ni kijiji gani. Ukungu ulikuwa unapanda, na moja baada ya nyingine nyumba zikaanza kuonekana miteremkoni, kila moja na watu wake wamesimama nje.

Mjomba Kondo akaweka mikono kichwani. "Mama, mlima mzima umealikwa!"

"Basi ongeza sufuria," Bibi Mosi akasema, akajifunga khanga yake kiunoni na kuanza kucheza.